Namba Iliyopigwa Mstari

Jumamosi, tarehe 18 Januari. Baridi kavu. Jua limetoka tangu asubuhi lakini halina kazi yoyote, ni kama taa ya friji. Theluji ya juzi imekuwa ngumu hata mtu akiikanyaga inalia. Nimewasha gari mara mbili ili betri isife, kisha nikarudi ndani kuandika.

Iko siku ya ujana wangu ambayo imenirudia kichwani tangu jana, na aliyeirudisha ni Tito, mtoto wa Akinyi. Alikuja hapa Columbia Heights na bunduki ya marehemu babu yake ndani ya mfuko wake mrefu, akailaza juu ya meza ya kazi kule gereji, akasema, "Anko, naomba unisaidie kitu kidogo tu." Kitu chenyewe ni hiki: niipige ile magazini, kile kisanduku cha risasi, namba ya bunduki, ili kila kipande kiwe na namba moja, halafu ile lebo ya karatasi iliyofungwa kwenye triga tuitupe. Mama yake anastaafu uuguzi mwezi ujao. Tito anataka kumkabidhi bunduki ya baba yake ikiwa imekamilika, haina doa. Anajua ninazo zile chapa ndogo za chuma za kupigia namba. Anajua pia mkono wangu bado hautetemeki.

Nikamwambia aiache, arudi leo jioni, nitakuwa na jibu.

Mwanangu Tito, jibu ni hili ninaloandika. Sina hakika kama nitaliandika vizuri. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na nikiongea, mdomo hukimbia mbele ya akili. Mdomo huo huo ndio ulioniponza siku ninayotaka kuisimulia, kwa hiyo leo nimeupumzisha. Na wewe mwingine ambaye huenda ukalikuta daftari hili, nawe ni mwanangu. Keti usome.

Nilikuwa na umri kama wako nilipofika hapa Marekani. Dada yangu alikuwa muuguzi, akanivuta. Nikapata kazi ya kufagia na kupangusa katika duka la bunduki za kale pale Fridley. Mwenye duka alikuwa Mmarekani mpole asiyeongea sana. Tulimwita Bosi, basi. Lakini aliyenifundisha kazi ni Mzee Barasa. Huyu alikuwa fundi wa silaha mstaafu wa jeshi la kwetu, akamfuata binti yake huku, akakataa kukaa nyumbani kutazama televisheni mchana kutwa. Bosi akampa meza karibu na dirisha. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtu akileta bunduki ya zamani ya jeshi, Mzee aseme ni vipande gani vyake mwenyewe na ni vipi vimeazimwa kwa bunduki nyingine.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Bunduki ya babu yako ni ile ambayo nyumbani tunaiita Mark 4, waliyobeba askari wa akiba miaka na miaka. Haina mambo mengi. Kuna mtutu, kuna ubao mrefu ambao mtutu unaulalia, kuna kitako, kuna magazini ya risasi, na kuna komeo. Komeo ni kile chuma chenye mkono, unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kwa kila risasi, kama unafunga mlango. Kiwandani walipiga namba kwenye mwili wa bunduki, wakairudia nyuma ya mkono wa komeo, na tena chini ya ubao, karibu na mdomo. Vipande vingine mara nyingi vilipata herufi za kiwanda tu. Vita vikaisha, bunduki zikafunguliwa, zikaungwa, zikauzwa, zikavuka bahari. Ndiyo maana mtu hujiuliza: hii niliyo nayo ni bunduki moja, au ni vyuma vya bunduki tano vilivyokutana njiani?

Wako wajanja pia. Huchukua komeo la bunduki nyingine, wakaisaga ile namba ya zamani hadi ipotee, wakapiga mpya, wakakuuzia wakisema kila kitu ni chake. Mzee aliita hiyo kumvika maiti suti ya arusi.

Sasa, mwezi wa tatu mmoja, theluji ikiwa imegeuka matope, akaingia msichana amebeba mfuko mrefu. Ndiye mama yako, Akinyi. Wakati huo alikuwa akisomea uuguzi. Baba yake, Bwana Odhiambo, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja hapo hapo Fridley, alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Alipenda bunduki ile kwa sababu baba yake mwenyewe alibeba ya aina hiyo kule Siaya akiwa askari wa akiba. Na alimwambia binti yake neno moja, tena mara nyingi: hii haijaguswa, ilivyo ndivyo jeshi lilivyoiacha.

Lakini matangani watu wana midomo. Kuna waliokuwa wakimcheka Odhiambo chini chini, kwamba Mzungu alimuuzia vyuma chakavu naye akaona amepata mali. Akinyi aliyasikia hayo huku akigawa chai. Hakuleta bunduki dukani ili aiuze. Alitaka kusikia kutoka kwa fundi kwamba baba yake alisema kweli. Hilo tu.

Mzee Barasa hakuwepo siku hiyo. Binti yake alikuwa amempeleka kutibiwa jicho. Bosi alikuwa na mteja mwingine. Nikaipokea mimi.

Nilikuwa nimejifunza mambo machache, mwanangu, na hakuna mtu hatari kama aliyejifunza machache jana. Nikalichomoa komeo, nikageuza mkono wake kwenye mwanga. Nikaona namba mbili. Ile ya juu ilikuwa imekatwa kwa mstari, na chini yake imepigwa nyingine, inayolingana na ya mwili wa bunduki. Nikajiona nimemkamata mwizi.

"Komeo si lake," nikasema. "Hii namba imelazimishwa. Ona, ya zamani wameichora mstari, wakapiga nyingine."

"Wameilazimisha akina nani?"

"Aliyemuuzia. Au..."

"Au nani?"

Hapo ningenyamaza. "Au baba yako mwenyewe. Si alikuwa fundi mitambo? Vyombo alikuwa navyo."

Akanitazama kidogo. "Kwani mlikuwa mnajuana na daddy?"

"Hapana."

"Haya." Akairudisha bunduki mfukoni, akafunga zipu polepole hadi mwisho. "Asante, fundi."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa fundi. Nisiwe mwongo: nilifurahi. Nilifagia duka lote jioni ile nikipiga mluzi.

Kesho yake Mzee akaja, jicho moja limefungwa bandeji, lile jingine linatoa machozi kwa baridi. Nikamngoja avue koti, nikampa habari kwa mbwembwe. Alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Akaacha kumenya.

"Ubao uliutoa?"

"Hapana, Mzee."

"Chini ya ubao ulitazama?"

"Hapana."

"Lenzi iko wapi?"

"Si iko hapo kwenye droo."

"Haikutoka?"

"Haikutoka."

"Kwa hiyo ulisimama mlangoni ukatangaza habari za chumbani." Akaliweka yai chini. "Nyumba njema si mlango, kijana, na nyumba mbaya vilevile si mlango. Sasa niambie, ile namba ya zamani ilisomeka?"

"Ilisomeka vizuri kabisa. Ilikuwa na mstari tu juu yake."

"Na wewe ukaona huyo ni mwizi."

Nikaitoa lenzi kwenye droo.

"Mwizi hachori mstari," akasema. "Mwizi anasaga, kwa sababu hataki ujue palikuwa na kitu. Anayechora mstari ni fundi wa jeshi. Komeo la kwanza limechakaa au limevunjika, fundi analeta jingine, analipima, anaona linafaa. Namba ya zamani anaipiga mstari ili kila anayekuja nyuma yake aione, halafu anapiga mpya. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe kambini hadi vidole vikaota sugu. Komeo la namna hiyo limepewa bunduki na mwenye haki ya kutoa. Ni lake. Nawe umemwita marehemu mwizi mbele ya mtoto wake, mtu ambaye hawezi hata kukujibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole ungekifunga kitambaa."

Nikasema nitampigia simu yule msichana wiki ijayo, nimweleze pole pole.

"Wiki ijayo?" Mzee akaanza kulivaa tena koti lake. "Piga sasa."

Namba yake ya simu ilikuwa kwenye kadi ya wateja. Akinyi akapokea, sauti yake kavu. "Nimeshaiacha kwa mtu huko Burnsville. Ananunua bunduki za zamani, anazifungua, anauza vipande. Nilimwambia achukue tu, atanilipa akishauza. Sitaki kuiona kwa nyumba."

Nikamweleza aliyosema Mzee. Akauliza, "Sasa ni gani ya ukweli? Ya jana ama ya leo?"

Mzee akaninyang'anya simu. "Binti, mimi naitwa Barasa. Vaa buti, tunakupitia."

Nilikuwa na gari bovu lililopasha joto miguu ya dereva peke yake. Tukamchukua Akinyi, tukaingia ile barabara kuu namba thelathini na tano kuelekea kusini, tukapita mto. Hapo Akinyi akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Mzee, una uhakika?"

"Sina."

"Huna?"

"Sijaiona. Ninachojua ni kwamba huyu dereva hakuwa na haki ya kuwa na uhakika. Ukweli wenyewe tutaukuta kwenye chuma, na ukiwa mchungu nitakwambia hivyo hivyo."

Yule mtu wa Burnsville, nisimsingizie, hakuwa mbaya. Alitufungulia gereji yake, akatupa kahawa. Lakini alikuwa ameamka mapema, na bunduki alikuwa ameshaifungua. Alifanya kazi kwa mpangilio: makomeo yote ndani ya ndoo moja, magazini kwenye sanduku lake, vitako vimerundikwa pembeni, mbao ndefu zimeegemezwa ukutani kama fito. Vyote vya Mark 4, vya bunduki nyingi, vyote vya rangi moja ya mafuta na vumbi. Akinyi aliposema anaitaka tena, yule bwana akakuna kichwa. Akasema hana neno, tuchukue, ila tuvitambue wenyewe. Yeye hawezi tena kujua kipi kilitoka wapi.

Nikamtazama Mzee. Mzee akagusa bandeji yake. "Jicho la kazi limefungwa. Haya, fundi. Wewe ndiye uliyeivunja kwa mdomo. Iunge kwa mikono."

Nilitamani kukimbia. Lakini nikamwona Akinyi amegeuza ndoo tupu, ameikalia, mikono ndani ya mikono ya koti, anangoja kujua baba yake alikuwa mtu gani. Basi nikavua glovu, nikajiapia kwamba sitoki pale mpaka nimelipata jibu lake, liwe tamu au chungu.

Mwili wa bunduki haukuwa na shida, namba yake ilikuwa kwenye kadi yetu. Ilitengenezwa Kanada, namba yake ina herufi L katikati. Nikaenda kwenye mbao. Nikazigeuza moja moja, nikasugua uchafu wa chini kwa kidole kilicholowa mate, nikasoma kwa lenzi. Bandu bandu huisha gogo. Ubao wake ulikuwa nyuma kabisa, namba imejaa mafuta yaliyoganda.

Kisha ndoo ya makomeo. Mwanangu, makomeo ni kama vichwa vya watu gizani. Yako yaliyosagwa yakang'aa, hayasemi kitu. Yako yenye namba za mbali. Nikachomoa, nikasoma, nikaweka kando, vidole vimekufa ganzi. Halafu likaja mkononi. Namba ya zamani, mstari juu yake, namba mpya chini. Katika ndoo nzima lilikuwa hilo moja. Alama ile ile niliyoiita uongo ndiyo iliyoninyooshea mkono na kusema, mimi hapa. Kama mtu angeisaga, tusingelijua katika ule umati.

"Nimelipata komeo," nikasema.

"Umepata chuma," Mzee akasema. "Bado hujapata habari. Nani alipiga hiyo namba?"

Nikatazama kwa lenzi. Katika namba mpya, ile tarakimu 4 ilikuwa na kasoro: mguu wake umekatika kwa chini, kama chapa yenyewe ilikuwa na pengo. Nikautazama tena ubao. Nne ya pale nayo mguu umekatika. Nikamwomba yule bwana taa, nikaugeuza mtutu, upande unaolala ndani ya ubao, mahali pasipoonekana mpaka ubao utolewe. Pale palikuwa na alama ya karakana ya jeshi, na pembeni yake namba ya bunduki. Nne imevunjika mguu. Chapa moja, mkono mmoja, vipande vitatu, na uchafu uliomo ndani ya tarakimu zote ni mweusi wa umri mmoja.

Nikamweleza Mzee nilichokiona, safari hii bila mbwembwe. Akauliza, nikajibu. Akauliza tena, nikarudi kutazama, nikajibu. Alinifanya nitazame mpaka nikachoka kuwa na furaha.

Akinyi akasimama. "Kwa hiyo, Mzee?"

"Usiniulize mimi. Aliyekuambia la jana ni huyu. Akuambie na la leo."

Nikamgeukia. "Komeo lilibadilishwa karakana ya jeshi," nikasema. "Ubao pia. Jeshi lenyewe. Si aliyemuuzia baba yako, wala si baba yako."

"Sema lile alilokuwa akisema yeye."

"Ilivyo ndivyo jeshi lilivyoiacha."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye ndoo yake, akauficha uso ndani ya kola ya koti. Yule bwana wa Burnsville, ambaye hakuelewa Kiswahili hata neno, akaenda kumwongezea kahawa.

Kitako alitutambulia Akinyi mwenyewe. Alitaka chenye bonde dogo upande wa chini, mfano wa harage. "Niliiangusha kwenye ngazi nikiwa mtoto. Daddy hakunichapa, alicheka, akasema sasa na mimi nimeweka namba yangu." Nikapitisha vidole kwenye vitako, nikaligusa harage.

Ikabaki magazini, na hapo ndipo tuliposhindwa. Zilikuwepo kadhaa za kiwanda kile kile cha Kanada, herufi zile zile, hakuna hata moja yenye namba. Nilizijaribu. Mbili zilikaa vizuri kabisa, bila hata kucheza.

"Si tuchukue hii safi," Akinyi akasema. "Inaingia."

"Inaingia," Mzee akakubali. "Viatu vyangu pia vinamwingia huyu kijana. Muulize kama ni vyake."

Akinyi akacheka, mara ya kwanza tangu nimwone. "Basi mkirudi dukani mpige namba. Hata jeshi si lilikuwa linapiga?"

Nikaona ana hoja, na mpaka leo naona alikuwa na hoja. Mzee ndiye aliyemjibu.

"Fundi wa jeshi alipopiga, alikuwa anaeleza kilichotokea: komeo limekuja siku hiyo, kwenye bunduki hiyo, kwa mkono wake. Sisi tukipiga hii tutakuwa tunaeleza ambacho hatujui. Huenda ni yenyewe. Huenda si yenyewe. Baba yako alisema neno la kweli juu ya bunduki hii. Usimchanganyie."

Akaitisha lebo ya karatasi, akaniamuru niandike: *Magazini ni ya kiwanda kile kile, lakini hatuna hakika kama ni yake.* Nikaifunga kwenye triga kwa uzi. Ndiyo lebo unayotaka niitupe, mwanangu.

Sasa nakuja kwako. Nisikufananishe na wezi wa namba, nitakuwa nimerudia kosa lile lile la kuhukumu mlangoni. Wewe unataka kumfurahisha mama yako, na mama yako anastahili kufurahishwa. Asubuhi hii nimezitoa zile chapa kwenye kisanduku chake. Zilikuwa za Mzee Barasa. Binti yake alinipa baada ya mazishi. Nimeishika ile ya tarakimu 4 mkononi kwa muda, nikajiuliza kama mimi ni mzee mkaidi tu anayenyima mtoto kitu kidogo. Labda ndiyo. Sijui. Lakini nimezirudisha, na sitapiga. Ukienda kwa fundi mwingine atapiga kwa dakika moja, nami sitakukasirikia. Ila mkono wangu hautapiga.

Nasaha zangu ni hizi. Kabla hujasema kitu si cha mahali pake, toa ubao kwanza, washa taa, tazama upande usioonekana. Ukiisha kutazama, sema ulichokiona na ukomee hapo. Ukikosea, usingoje wiki ijayo. Vaa koti siku hiyo hiyo. Ukilazimika kubadilisha kitu katika maisha yako, na utalazimika, kipige mstari ili cha zamani kisomeke, usikisage. Na usilojua, andika kwamba hujui. Si aibu. Ile lebo imekaa na bunduki yenu miaka yote hii, na kila aliyeisoma ameyaamini zaidi yale mengine yasiyo na lebo.

Na jambo moja zaidi, ambalo sina hakika nalieleza sawasawa. Kuna siku mtu atakutazama wewe, mzaliwa wa Saint Paul, unayesikia Kiswahili ukajibu kwa Kiingereza, mwenye jina la Siaya na buti za theluji, akasema wewe ni komeo la bunduki nyingine. Huyo naye atakuwa amesimama mlangoni. Waliokuweka hapa walikuwa na haki ya kukuweka, na alama zao ziko kwako, hata zile zinazolala chini ya ubao. Usisage chochote ili ulingane na mtu.

Mungu akupe jicho lenye subira na ulimi unaongoja jicho. Akupe kazi ya mikono usiyoionea haya, na mzee wa kukukemea ukiwa bado kijana, kwa maana ukizeeka hupati wa kukukemea. Na jina la babu yako lisikae kinywani mwa watu ila kwa jema.

Jioni. Tito amekuja, kope zimeganda kwa baridi. Nilimpa daftari, akasoma pale mezani, midomo ikicheza, polepole, akaniuliza karakana ni nini na mbwembwe ni nini. Alipofika mwisho alirudisha kurasa nyuma, akasoma tena ile sehemu ya mama yake na ndoo. "She never told me that," akasema. Nikamwambia ndiyo, mama yake hakuwahi kumsimulia. Kisha akaenda gereji peke yake. Nilidhani amekwenda kuchukua bunduki aondoke, nikamwachia.

Akarudi ameshika ile lebo. Imefifia kweli, pembe moja imechanika. Akaomba kadi ngumu na kalamu isiyofutika. Akayanakili maneno yale yale, kwa Kiswahili, herufi moja moja, akanionyesha nikague, kisha akazifunga zote mbili kwenye triga, ya zamani mbele na yake nyuma.

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ameshapakua. Tumekula ugali, sukuma wiki na tilapia wa kukaanga, na Tito tumemwachia kichwa cha samaki, heshima ya mkubwa.